Muunganisho na hifadhidata ukikatika: hitilafu itafutwe wapi?

Siku za mwanzo za kila mwezi ni siku za hesabu katika vituo vya afya vya pwani ya Ziwa Tanganyika. Kuanzia Kizuka na maeneo mengine ya tarafa ya Rumonge hadi Nyanza-Lac, wauguzi hufungua madaftari, hujumlisha watoto waliotibiwa, akina mama waliojifungua na chanjo zilizotolewa, kisha takwimu hizo huingizwa kwenye kompyuta kupitia mfumo wa wavuti. Wakati mwingine, badala ya jedwali linalotarajiwa, hutokea maandishi mafupi yenye kueleza kwamba programu imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata.

Jambo hilo si dogo kama linavyoonekana. Tangu mwezi Mei mwaka 2006, Burundi hutoa bila malipo matibabu ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano pamoja na huduma za kujifungua. Tangu Aprili 2010, utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na kazi vilizofanya umeenea nchi nzima, na fidia ya huduma hizo za bure imeunganishwa nao. Kituo hulipwa kwa idadi kilizotangaza na ambazo zimehakikiwa. Takwimu zikichelewa kufika, fedha nazo zinaweza kuchelewa, na fedha hizo ndizo zinazosaidia kununua dawa na kuwapa wauguzi motisha yao.

Akiukabili ujumbe huo, mtumiaji wa kawaida hufanya lililo karibu naye. Hununua kifurushi kingine cha intaneti, husogea dirishani kutafuta mtandao, huzima kompyuta na kuiwasha tena. Kwa kawaida jitihada hizo haziwezi kufaa, kwa kuwa ujumbe wenyewe umekwisha kutoa ushahidi kwamba intaneti yake ni nzima.

Safari mbili, wala si moja

Mfumo wa wavuti una pande tatu. Upande wa kwanza ni kivinjari, yaani programu iliyo kwenye simu au kompyuta ya mtumiaji. Wa pili ni programu tumishi, inayokaa kwenye seva na kutengeneza kurasa. Wa tatu ni hifadhidata, mahali takwimu zenyewe zinapotunzwa, na ambayo mtumiaji hawasiliani nayo moja kwa moja hata siku moja. Ombi husafiri kutoka kwenye kivinjari hadi kwenye programu. Kisha programu hufunga safari yake yenyewe hadi kwenye hifadhidata, ikiwa na jina lake na nenosiri lake.

Anayenunua mawese Rumonge anaujua utaratibu wa namna hiyo. Mteja huzungumza na muuzaji aliye dukani, naye muuzaji humtuma mtu ghalani. Muuzaji akirudi na kusema kwamba ghala halifunguki, mteja hana haja ya kuuliza kama barabara ya kufika dukani inapitika. Amekwisha kufika.

Kwa hiyo ujumbe unaoitaja hifadhidata huthibitisha kwamba safari ya kwanza imekamilika: ombi limefika kwenye programu, na jibu limerudi hadi kwenye kioo cha mtumiaji. Kilichokwama ni safari ya pili. Vivyo hivyo kwa ukurasa wenye namba 500, ambao hutolewa na seva iliyopokea ombi na kushindwa kulitimiza, na kwa namba 502 na 504, ambazo kwa kawaida humaanisha kwamba seva iliyo langoni imepatikana ila iliyo nyuma yake haikujibu ipasavyo. Ni pale tu kivinjari chenyewe kinaposema kuwa hakuna intaneti, au kwamba anwani haijulikani, ndipo mtumiaji anapopaswa kuitazama simu yake na kifurushi chake kwanza.

Pana tahadhari moja hapa. Baadhi ya mifumo huhifadhi kurasa na takwimu ndani ya simu ili kazi iendelee pasipo mtandao. DHIS2 ni mmoja wao. Mfumo huo, ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na ambao leo unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, hutumiwa na wizara za afya za nchi zaidi ya 70, Burundi ikiwamo. Programu yake ya simu huweza kupokea takwimu siku nzima bila intaneti na kuzituma baadaye. Mtumiaji anaweza basi kuona ukurasa mzuri uliojaa majedwali ilhali seva haijafikiwa kabisa. Ukurasa unaoonekana si hoja ya kutosha. Ujumbe uliotoka kwenye seva ndio hoja.

Hifadhidata inakaa wapi?

Swali hili lingepaswa kuulizwa kabla ya mengine yote, na kwa bahati mbaya ndilo linaloulizwa mwisho. Kuna mifumo ya kitaifa, kama DHIS2, ambayo seva zake ziko mbali na mtumiaji. Kuna pia mifumo ya hospitali ambayo seva yake imo ndani ya jengo lenyewe. OpenClinic GA, programu huria inayotumika katika hospitali kadhaa za Burundi kusajili wagonjwa na kutoa ankara, inaweza kuwekwa kwenye mashine moja iliyo katika chumba cha jirani, ikahudumia kompyuta zote kupitia nyaya za humo humo ndani.

Katika hali hiyo ya pili, intaneti haina nafasi yoyote katika kazi ya kumsajili mgonjwa. Mkongo wa baharini unaweza kukatika, na mapokezi yakaendelea kufanya kazi. Kwa upande mwingine, waya mmoja uliochomoka, au kisambaza mtandao kilichozimika kwa kukosa umeme, hutosha kuyasimamisha. Kwa kuwa mtumiaji hufungua kivinjari kile kile katika hali zote mbili, ni rahisi kudhani kwamba kila kinachoonekana humo kimetoka mbali. Hospitali inayofahamu mahali seva yake ilipo, pamoja na jina la mwenye ufunguo wa chumba hicho, imekwisha kuokoa saa nyingi.

Maneno ya ujumbe yana maana tofauti

Ujumbe wa hitilafu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na wengi huufunga bila kuusoma. Kufanya hivyo ni kupoteza kielelezo bora kuliko vyote. Muunganisho uliokataliwa si sawa na muunganisho ambao muda wake umeisha. Kukataliwa maana yake ni kwamba mashine imepatikana, nayo imejibu mara moja kuwa hakuna anayesikiliza kwenye mlango ulioombwa. PostgreSQL, hifadhidata inayotumiwa na DHIS2, husikiliza kwa kawaida kwenye mlango namba 5432. MySQL, inayotumiwa na OpenClinic GA, husikiliza kwenye namba 3306. Jibu la kukataliwa humwelekeza fundi kwenye programu ya hifadhidata yenyewe: huenda imezimika, huenda namba ya mlango imeandikwa vibaya, au huenda inasikiliza kwa ajili ya mashine yake pekee. Sababu hii ya mwisho hujitokeza mara kwa mara pale hifadhidata inapohamishiwa kwenye seva mpya, kwani PostgreSQL ikiachwa kama ilivyowekwa mwanzoni huwapokea wa nyumbani tu.

Muda kuisha ni habari nyingine. Hapo ombi lilitumwa na hakuna jibu lolote lililorudi, si la kukubali wala la kukataa. Yamkini mashine imezimwa, anwani imebadilika, au ngome ya mtandao inayochuja mawasiliano inayatupa maombi kimya kimya.

Ujumbe wa nenosiri kukataliwa ni wa heri, ukiulinganisha na hiyo miwili. Hifadhidata iko hai na njia ni nyeupe. Kilichobaki ni karatasi za utambulisho. Sababu ya kawaida ni kwamba mtu alibadilisha nenosiri ndani ya hifadhidata na kusahau kulibadilisha katika faili la mipangilio la programu. Katika DHIS2 faili hilo huitwa dhis.conf, na ndimo zilimo anwani ya hifadhidata, jina la mtumiaji na nenosiri.

Kipimo cha haya yote kina sharti moja ambalo mafundi wapya hulisahau. Kifanywe kutoka kwenye mashine inayobeba programu, si kutoka kwenye kompyuta ya fundi. Safari inayochunguzwa ni ile kati ya programu na hifadhidata; fundi aliyeko Bujumbura akifanikiwa kuingia kwenye hifadhidata kutoka mezani pake, amethibitisha tu kwamba njia yake yeye ni nzima.

Foleni ya mwanzo wa mwezi

Hitilafu inayosumbua zaidi ni ile inayokuja na kuondoka. Mfumo hufanya kazi vizuri wiki tatu, kisha hukataa watu katika siku zile zile ambazo kila kituo kinatuma ripoti. Ujumbe husema kwamba wateja wa hifadhidata wamezidi. Hapa haifai kuulaumu umma kwa kuja kwa wingi. Hesabu yenyewe yaweza kuwa na kasoro tangu mwanzo.

Kufungua muunganisho mpya na hifadhidata huchukua muda na kumbukumbu ya mashine. Kwa sababu hiyo programu huweka akiba ya miunganisho iliyo wazi, ikaazima mmoja kwa kila ombi na kuurudisha ombi linapokwisha. Katika DHIS2, akiba hiyo huweza kukua hadi miunganisho 80 iwapo msimamizi hakuandika kiwango kingine. PostgreSQL nayo, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hukubali miunganisho 100, na kati ya hiyo 3 imetengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu. Zinabaki nafasi 97. Programu moja ya miunganisho 80 inaenea.

Mambo hugeuka pale mafundi wanapoweka nakala ya pili ya mfumo kwa ajili ya mafunzo, ikitegemea seva ile ile ya hifadhidata. Nakala mbili zinaweza kudai hadi 160. Siku za kawaida hakuna anayegundua, kwa kuwa akiba hukua kulingana na haja. Siku ya kutuma ripoti, iwapo nakala ya mafunzo nayo inatumika, nafasi 97 hujaa na mhudumu wa Kizuka hukuta mlango umefungwa. Mtu akiiwasha seva upya, miunganisho yote hufutwa, mfumo hurudi, na kila mmoja huamini kwamba dawa imepatikana. Baada ya saa moja au mbili hali hujirudia.

Wengine hukimbilia kuongeza kiwango cha hifadhidata hadi mia kadhaa. Inaweza kusaidia kwa muda, lakini kila muunganisho wa PostgreSQL hula kumbukumbu ya mashine, na seva ndogo inaweza kuelemewa kabisa. Njia iliyo salama zaidi ni kujumlisha akiba za programu zote zinazotegemea hifadhidata moja na kuhakikisha jumla haizidi nafasi zilizopo. Baada ya hapo atafutwe anayeazima bila kurudisha: programu yenye kasoro inayosahau kufunga miunganisho, au ripoti nzito inayoshikilia muunganisho kwa dakika nyingi. MySQL hukubali miunganisho 151 kwa kawaida, na hesabu yake hufanywa vivyo hivyo.

Usingizi wa saa nane

Kuna malalamiko mengine ambayo mafundi huyapuuza kwa kuwa yakichunguzwa mchana hayaonekani. Mtu wa kwanza kufungua mfumo asubuhi hupata hitilafu. Akijaribu tena, mfumo hukubali. Wa pili na wa tatu hawana la kusema. Fundi anafika saa nne asubuhi na kukuta kila kitu ni shwari.

Maelezo yake yamo katika tarakimu moja. MySQL hukata muunganisho wowote uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa nane, isipokuwa mipangilio ibadilishwe. Ofisi iliyofungwa jioni na kufunguliwa alfajiri imevuka muda huo. Hifadhidata imekwisha kuvunja muunganisho usiku, lakini programu bado inao katika akiba yake na inaudhani kuwa hai. Ombi la kwanza la asubuhi hukabidhiwa muunganisho uliokufa. Tiba yake ni kuielekeza programu iupime kila muunganisho kabla ya kuuazima, au iutupe wenyewe kabla ya saa nane kutimia. Hilo ni badiliko la mstari mmoja au miwili katika faili la mipangilio, nalo humwondolea msajili lawama ya kuambiwa kwamba hajui kutumia kompyuta.

Mtandao unaoyumba huleta kisa kinachofanana na hicho. MySQL huhesabu majaribio yaliyokatika njiani kutoka kwenye mashine moja. Yakifika 100 mfululizo bila jaribio lililofanikiwa, huifungia mashine hiyo na kukataa maombi yake yote. Waya mbovu uliosababisha hayo unaweza kuwa umekwisha kubadilishwa, na bado mlango ukabaki umefungwa mpaka msimamizi aifute orodha ya waliozuiwa.

Umeme, diski na mikono yenye haraka

Umeme unapokatika ghafla, seva huanguka ikiwa katikati ya kuandika. Hifadhidata za kisasa zimeundwa kwa kulizingatia hilo. PostgreSQL huandika kwanza kila badiliko katika kumbukumbu maalumu, na inapowaka tena huisoma kumbukumbu hiyo na kujirekebisha. Wakati huo hutoa ujumbe kwamba inaanza kazi na haiko tayari. Ujumbe huo unataka subira. Anayeizima na kuiwasha tena kila dakika mbili huirudisha mwanzo wa matengenezo yake.

Diski iliyojaa ni chanzo kingine, na ndiyo inayowaponza wengi. Hifadhidata isipopata mahali pa kuandika huweza kusimama, na mtumiaji huona ujumbe ule ule wa kukosa muunganisho. Fundi akitafuta cha kufuta hukuta mafaili makubwa ambayo jina lake linafanana na la kumbukumbu za kawaida za matukio. Kwa miaka mingi folda ya kumbukumbu maalumu za PostgreSQL iliitwa pg_xlog, na wapo waliofuta yaliyomo wakidhani ni takataka. Walichofuta ni kile kile ambacho hifadhidata ilikihitaji ili ijirekebishe. Katika toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, waundaji waliibadilisha jina ikawa pg_wal, kwa sababu hiyo hasa. Sheria haijabadilika: yaliyomo humo hayaguswi kwa mkono. Nafasi itafutwe kwingine, kwa kuhamisha nakala za akiba za zamani au kuongeza diski.

Njia nyingine ya mkato ni kuifungua hifadhidata kwa intaneti nzima ili kuona kama ngome ya mtandao ndiyo inayozuia. Mlango unaofunguliwa kwa majaribio husahauliwa wazi. Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za aina ya MongoDB zilizokuwa wazi bila nenosiri zilifutwa duniani kote na wahalifu walioacha ujumbe wa kudai fedha. Katika mfumo wa afya, kilicho nyuma ya mlango huo ni majina ya watu pamoja na maradhi yao.

Intaneti inapokuwa na hatia kweli

Burundi haina bahari. Mawasiliano yake na dunia hupitia kwa majirani hadi kwenye mikongo ya Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Tanzania iliathirika sana, na Burundi nayo iliguswa. Mwaka huo huo maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi na bandari ya Rumonge. Ikiwa programu iko upande mmoja wa njia iliyokatika na hifadhidata upande wa pili, ujumbe utaitaja hifadhidata na kosa likawa la mtandao. Mpangilio huo si wa busara, na wasimamizi wengi huziweka programu na hifadhidata yake katika jengo moja.

Kabla ya kumpigia fundi simu

Mhudumu asiye na ujuzi wa seva ana mchango mkubwa anaoweza kuutoa. Aupige picha ujumbe mzima, pamoja na anwani ya ukurasa na saa ilivyosomeka. Amuulize mwenzake wa kituo kingine, tuseme Minago au Nyanza-Lac, kama naye anaona hivyo hivyo: wote wawili wakikwama, tatizo liko upande wa seva, na mmoja akipita, liko karibu na yule aliyekwama. Aeleze kama hitilafu ilimpata katika jaribio la kwanza pekee au katika kila jaribio, na kama umeme ulikatika usiku. Majibu hayo manne humpeleka fundi moja kwa moja kwenye foleni, kwenye usingizi wa saa nane, au kwenye diski.

Mfumo ukisharejea, imebaki kazi moja kabla ya kuendelea kuingiza takwimu. Hifadhidata hukubali badiliko likiwa zima au hulikataa lote, lakini muunganisho ukikatika baada ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, mtumiaji hawezi kujua kwa kuangalia kioo kama badiliko lilipokewa. Katika jedwali la jumla la mwezi, kuandika tarakimu tena juu ya ile ile hakuleti madhara. Katika usajili wa mgonjwa mmoja mmoja, kuingiza upya huweza kumhesabu mama mmoja aliyejifungua kuwa wawili, na wahakiki watakapolinganisha na daftari la karatasi wataikuta tofauti hiyo. Kwa hiyo hutafutwa kwanza ingizo la mwisho lililomo katika mfumo, linawekwa kando ya daftari, na kazi huendelea kutoka kwenye mstari unaofuata.